Bima ya nyumba ya kupangisha Florida: bili anabeba mpangaji, msaada anapewa mwingine

Nyumba ya kupangisha Florida ina bili tatu kubwa ambazo mwenye nyumba hawezi kuzikimbia: mkopo wa benki, kodi ya mali, na bima. Mkopo kama uliuchukua kwa riba isiyobadilika basi rejesho la mwezi huu ndo lilelile la miaka 30 ijayo. Kodi ya mali inapanda ila sheria ya jimbo imeiwekea kikomo, thamani wanayoikadiria kwa ajili ya kodi (ukitoa ile ya shule) haipandi zaidi ya 10% kwa mwaka kwa nyumba ambayo mwenyewe haishi. Bima sasa, hiyo haina breki. Wakala anakutumia barua tu kwamba mwaka huu imeongezeka nusu nzima, au kwamba kampuni haitaki tena kuendelea na wewe, tafuta kwingine, na usipopata mapema benki inakuwekea bima yake yenyewe ambayo ni ghali zaidi na inachokinga ni hela ya benki, sio yako.

Wengi wetu tulioko huku, Wabongo, Wakenya, Wakongo, tunaingia kwenye biashara ya nyumba kwa hesabu nyepesi, kodi ya mpangaji toa mkopo, kinachobaki kinatumwa nyumbani kulipa ada za shule. Bima tunaiandika kule chini kabisa kwenye karatasi kama kitu kidogo. Ukiwa Ohio hiyo hesabu inaweza ikakubali. Ukiwa Tampa, Fort Myers, New Orleans au Galveston, huku pwani kwenye vimbunga, bima ndo inaamua kama hiyo nyumba inakulisha au unailisha wewe.

Lakini leo simlilii mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba ana pa kuupeleka mzigo. Mkataba wa mpangaji ukiisha anapandisha kodi. Tuseme kwa mfano bima imepanda dola 2,400 kwa mwaka, hiyo ni dola 200 kila mwezi inayohamia kwa mtu ambaye jina lake halipo popote kwenye mkataba wa bima, hakuchagua kampuni, hakuchagua paa, na nyumba ikiezuliwa halipwi hata senti. Na Florida hakuna mji wala kaunti inayoruhusiwa kuweka kikomo cha kodi anayotozwa mpangaji, sheria ya mwaka 2023 iitwayo Live Local Act ilifunga huo mlango moja kwa moja. Kweli kuna wakati soko linambana mwenye nyumba, vyumba vitupu vikiwa vingi mtaani hawezi kupandisha anavyotaka, ila hapo anachofanya wengi tunakijua, anapunguza matengenezo. Na anayelala chini ya paa linalovuja ni nani kama sio mpangaji yuleyule?

Bei hii haikuanza jana. 24 Agosti 1992 Kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Miami, maeneo ya Homestead, kikafagia mitaa mizima ya nyumba zilizojengwa ovyo, kenchi hazijafungwa sawasawa kwenye kuta, mbao za paa zimeshikiliwa na pini badala ya misumari. Kampuni za bima kadhaa zilifilisika palepale. Kabla ya Andrew walikuwa wanapanga bei kwa kuangalia madai ya miaka iliyopita, na miaka hiyo kwa bahati ilikuwa mitulivu, baada ya Andrew wakahamia kwenye programu za kompyuta zinazopiga hesabu ya vimbunga maelfu ambavyo havijatokea ila vinaweza kutokea. Jimbo likaanzisha mfuko wake wa majanga ya vimbunga mwaka 1993, mwaka 2002 likaunda Citizens, kampuni ya bima ya umma kwa ajili ya waliokataliwa kwingine, na mwaka huohuo ikaanza kutumika sheria moja ya ujenzi kwa jimbo zima. Hiyo sheria ya ujenzi mi naihesabu kuwa jambo bora kuliko yote Florida iliyofanya kwenye hii habari, nyumba za baada ya 2002 zinasimama ambapo za zamani zinalala.

Halafu ikaja 2004, vimbunga vinne ndani ya wiki kama sita, Charley, Frances, Ivan na Jeanne, mwaka uliofuata Wilma. Makampuni makubwa ya kitaifa yakaanza kupunguza wateja Florida, nafasi yao ikachukuliwa na kampuni ndogondogo za hapohapo zenye mtaji mdogo. Hizi kampuni ndogo zinaishi kwa bima mtawanyo, yaani na zenyewe zinakata bima kwenye makampuni makubwa ya dunia yaliyoko Bermuda, London, Zurich, Munich, zinabaki na kipande kidogo cha hatari na kingine chote zinakisukuma huko. Mikataba mingi ya Florida inafanywa upya 1 Juni. Kwa hiyo bei ya bima ya kijumba chako cha vyumba viwili Cape Coral inapangwa kwa sehemu kubwa na watu wa Bermuda na Uswisi ambao hawaangalii kijumba chako, wanaangalia wamepoteza kiasi gani duniani kote mwaka uliopita.

Kimbunga Ian kilipotua 28 Septemba 2022 karibu na Fort Myers kikasababisha hasara ambayo NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, wanaikadiria zaidi ya dola bilioni 110, bei ya bima mtawanyo mwaka 2023 ikaruka vibaya sana, na kila dola iliyoruka huko ikashuka kwenye bili za watu. Ongeza na kesi. Florida ilikuwa na chini ya 10% ya madai ya bima za nyumba ya nchi nzima lakini zaidi ya robo tatu ya kesi zote za bima za nyumba Marekani zilikuwa zinafunguliwa huko, mafundi wa paa wanapita mlango kwa mlango wanakusainisha uwaachie haki ya kudai, wakili anaenda mahakamani, kampuni ikishindwa inalipa na gharama za wakili. Bunge la jimbo lilikata hiyo kitu Desemba 2022, na tuwe wakweli, imesaidia, kampuni mpya zimeingia, Citizens iliyokuwa na wateja kama milioni 1.4 mwaka 2023 ilishuka chini ya milioni moja mwisho wa 2024. Lakini kasi ya kupanda kupungua haimaanishi bei imerudi ilikokuwa. Mpangaji aliyepandishiwa kodi 2023 hakuna aliyemgongea mlango kumrudishia.

Louisiana ilikuwa mbaya zaidi. Kimbunga Laura 2020, Delta wiki sita baadaye karibu palepale Lake Charles, Zeta, alafu Ida 29 Agosti 2021. Kampuni kama dazeni zilifilisika, na Citizens ya kwao (jina ni hilohilo, shirika ni jingine) ikapandisha ada kwa wastani wa 63% mwaka 2023. Asilimia sitini na tatu kwa mpigo! Mtu anayepangisha nusu ya nyumba yake New Orleans kwa mhudumu wa hoteli, hiyo hela anaitoa wapi?

Sasa kwa nini nyumba ya kupangisha iwe ghali kuliko ya kuishi mwenyewe, wakati ukuta ni uleule na upepo ni uleule? Insurance Information Institute, taasisi ya habari ya kampuni za bima, wanasema tegemea kama 25% zaidi. Sababu wanazotoa zina mantiki kiasi, mwenye nyumba hayupo, bomba likipasuka linagundulika baada ya siku, wapangaji wanahama, nyumba inakaa tupu, mtu akiteleza kwenye ngazi anashtaki. Sawa. Ila angalia hatari inayobeba sehemu kubwa ya bei huku pwani, ni upepo, na upepo hauulizi nani kasaini hati ya nyumba. Unauliza paa lina umri gani, lina umbo gani, kenchi zimefungwa na vyuma au zimepigiliwa misumari ya mshazari tu, madirisha yana vizuizi au hayana. Vitu hivyo ukivirekebisha hasara inashuka, na sheria ya Florida inazilazimisha kampuni zitoe punguzo, fundi mkaguzi anajaza fomu maalum ya upepo na punguzo linaingia kwenye bili. Kwa hiyo njia ya kweli ya kushusha bima ya nyumba ya kupangisha inajulikana, ni paa. Mengine yote ni kubishana nani abebe hasara ileile.

Na hapa ndo penye dhuluma, nalitumia hilo neno nikijua uzito wake. Florida ina mpango unaitwa My Safe Florida Home, jimbo linatoa mpaka dola 10,000 za kuimarisha nyumba dhidi ya kimbunga, unaweka dola moja wao wanaweka mbili, na wenye kipato kidogo hawatakiwi hata kuchangia. Mpango mzuri kabisa. Sharti mojawapo, nyumba iwe na msamaha wa kodi wa makazi, yaani mwenyewe awe anaishi humo. Louisiana wana Fortify Homes, mpaka dola 10,000 za paa jipya, sharti lilelile. Alabama ambao ndo walitangulia na Strengthen Alabama Homes, nao mpaka dola 10,000, nao nyumba iwe inakaliwa na mwenyewe. Majimbo matatu, milango mitatu, na nyumba ya kupangisha haingii hata mmoja.

Na hilo paa wanalolijenga Alabama na Louisiana sio la kubahatisha. Kiwango kinaitwa FORTIFIED, kimetoka kwa IBHS, taasisi ya utafiti inayolipiwa na kampuni za bima zenyewe, wana maabara South Carolina yenye feni 105 wanaweka nyumba nzima ndani wanaipulizia upepo wa kimbunga waone inakatikia wapi. Walichogundua ni vitu vya kawaida: misumari yenye mikwaruzo ya duara isiyong'oka kirahisi, maungio ya mbao za paa yazibwe ili vigae vikipeperuka maji yasiingie, kingo za paa zishikwe vizuri kwa sababu upepo unaanzia pale kuinua. Hakuna uchawi. Fundi yeyote akifundishwa anaweza, gharama inaongezeka kidogo tu ukiwa tayari unabadilisha paa. Ila mwenye nyumba wa kawaida mwenye nyumba moja ya kupangisha hawezi kuitoa hiyo hela ya ziada mfukoni, na jimbo limemwambia hii haikuhusu. Matokeo yake mtaa mmoja unakuwa na nyumba ya mwenyewe yenye paa jipya na bima imeshuka, pembeni yake nyumba ya mpangaji yenye paa la miaka 18 ambalo kampuni nyingi hazitaki hata kuliona, bima inapanda, kodi inapanda, na kimbunga kikija ndo linaenda la kwanza.

Serikali kuu nayo ni hivyohivyo kwenye mafuriko. Bima ya mafuriko ya NFIP iliyoanza 1968 inamtoza anayeishi kwenye nyumba yake nyongeza ya dola 25 kwa mwaka, mwenye nyumba ambayo haishi anatozwa nyongeza ya dola 250. Kikomo cha kupanda kwa wengi ni 18% kwa mwaka, kwa nyumba za zamani ambazo mwenyewe haishi kinafika 25%. Aliyeandika hiyo sheria nadhani alikuwa anamfikiria tajiri mwenye nyumba ya likizo ufukweni, na huyo sina huruma nae. Lakini wavu umewabeba pamoja na nyumba ambazo ndani yake wanaishi manesi, wapishi, madereva, watoto wanaoenda shule asubuhi. Kwa mpangaji hiyo ndo nyumba, hana nyingine.

Cha kuuma zaidi ni kwamba Florida yenyewe inajua kutofautisha. Bunge lilipoamua mwisho wa 2022 kwamba Citizens inaweza kuwapandishia mpaka 50% kwa mwaka wale ambao nyumba sio makazi yao makuu, sheria ikaeleza makazi makuu ni yapi, na ikasema nyumba ya kupangisha ambayo ni makazi makuu ya mpangaji, akiishi humo zaidi ya miezi 9 kwa mwaka, inahesabika. Yaani ile ya kupangisha watalii wiki wiki inakula 50%, ile yenye familia ndani inakingwa. Safi sana! Basi kama jimbo linaweza kuitambua nyumba ya mpangaji kuwa makazi pale linapopanga bei, linashindwaje kuitambua pale linapogawa hela za paa? Maneno yapo tayari kwenye vitabu vya sheria, ni kuyahamisha tu.

Najua hoja itakayokuja. Watasema mwenye nyumba ni mfanyabiashara, kwa nini hela ya umma imjengee mfanyabiashara paa, thamani ya nyumba ipande, kesho auze. Hoja ina uzito. Jibu langu ni masharti. Mpe mwenye nyumba wa nyumba moja mpaka nne tu, usimpe mwekezaji mwenye mamia, na akipokea asaini kwamba kwa miaka mitano kodi haipandi zaidi ya kiwango fulani, deni lisajiliwe kwenye hati, akiuza au akivunja masharti anarudisha. Na pia tuulize hizo hela za umma ni za nani. Florida haina kodi ya mapato ya jimbo, inaishi kwa kodi ya mauzo ya 6%, mpangaji akinunua viatu, simu, tairi, anachangia sawa na mwenye nyumba. Karibu theluthi moja ya kaya za Florida zimepanga. Na Citizens ikiishiwa hela baada ya kimbunga kikubwa, sheria inaruhusu mchango ukatwe karibu kwenye kila bima jimboni hadi ya gari, kwa hiyo hata mpangaji asiye na kitu zaidi ya Corolla yake anaweza kujikuta analipia paa za wengine. Kuchangia anachangia, kwenye kufaidi ndo hayupo.

Kuna wengine watasema acha bei iwe juu, bei kubwa ndo inawaambia watu wasijenge kwenye njia ya kimbunga. Nakubaliana na hilo kwa anayejenga leo kando ya maji. Ila huo ujumbe unamfikia anayeweza kuamua. Mpangaji anaambiwa nini na bei ya bima asiyoiona? Anaona tu kodi imepanda, anahamia nyumba mbovu zaidi, ya bondeni zaidi, paa la zamani zaidi, yaani bei inamsogeza karibu na hatari badala ya kumtoa.

Kwa ndugu zangu wenye nyumba huku, someni mikataba yenu ya bima kabla ya msimu wa vimbunga. Sehemu unayojibebea mwenyewe kwenye kimbunga ni asilimia ya thamani iliyokatiwa bima, sio ya hasara, nyumba ya dola 300,000 ukichagua 2% ni dola 6,000 zako, ukichagua 10% ili bili ionekane ndogo ni dola 30,000 kabla kampuni haijagusa kitu. Mkataba wa bei rahisi kabisa, ule wa DP-1, kwa kawaida unalipa thamani ya paa baada ya kutoa uchakavu, paa la miaka 15 watakupa hela ambayo haitoshi hata nusu ya paa. Fidia ya kodi uliyokosa inalipwa kama nyumba imeharibiwa na kitu kilichomo kwenye mkataba, na mafuriko hayamo, na NFIP halipi kodi uliyokosa hata siku moja, jengo ni mpaka dola 250,000 basi. Baada ya Kimbunga Katrina 2005 watu walikesha mahakamani miaka wakibishana ukuta uliangushwa na upepo au maji, maana upepo ulikuwa wa kampuni moja na maji ya NFIP. Picha za kila chumba na za paa, zenye tarehe, zipigwe kabla msimu haujaanza. Na mlipieni mkaguzi wa upepo, ripoti yake inatumika mpaka miaka mitano, kuna watu wana kenchi zilizofungwa vyuma tangu nyumba ijengwe na hawajawahi kudai punguzo kwa sababu hakuna aliyepanda darini kuangalia.

Kwa mnaopanga: bima ya mwenye nyumba haigusi kitanda chako wala TV wala nguo za watoto, haijalishi kodi yako inailipia kiasi gani. Bima ya mpangaji inakinga vitu vyako na upepo na moto, maji ya mafuriko haimo. Ya mafuriko unaweza kuichukua NFIP wewe mwenyewe kama mpangaji, kwa vitu vya ndani tu, mpaka dola 100,000, bila kumuomba ruhusa mwenye nyumba. Ila ina subira ya siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi, na kimbunga kikishapewa jina hakikusubiri, kwa hiyo anayetaka kinga ya msimu unaoanza 1 Juni awe amelipa Aprili haijaisha.